Mabadiliko ya Damu ya Hedhi
Yai lisiporutubishwa, kiwango cha homoni za projesteroni na estrojeni hushuka, na utando wa ndani wa mji wa mimba hubomoka na kutoka kama hedhi, kwa kawaida siku 2 hadi 7. Miaka ya mwanzo baada ya kuvunja ungo, tarehe huweza kuyumba kwa kuwa ovari hazitoi yai kila mwezi. Huo si ugonjwa.

Lakini damu inayozidi siku 7, au inayolowesha pedi kila saa kwa saa kadhaa mfululizo, hupunguza madini ya chuma na kuleta upungufu wa damu: uchovu, kizunguzungu, moyo kwenda mbio. Msichana huyo asiambiwe avumilie; aende kituo cha afya.

Jipime: Kwa nini upungufu wa madini ya chuma huleta uchovu?