Somo la Redio: Saa ya Kalenda ya Kompyuta

Sogeeni karibu na redio. Mwalimu wa darasa na ashike chaki, maana leo yako mambo ya kuandika ubaoni.

Tutasema habari za programu ya barua pepe na kalenda, ile inayokaa ndani ya kompyuta ya mezani. Ziko nyingi. Outlook huonekana sana maofisini. Thunderbird hupatikana bila malipo.

Tuseme wewe una duka la vitenge Kariakoo, na kontena lako limeshuka bandarini. Wakala wa forodha anakuandikia barua: “Jumanne saa 4 asubuhi tukutane langoni.” Unafungua kalenda, unaitafuta Jumanne, unaandika 4:00. Hapo umekwisha potea njia. Kompyuta haihesabu saa tangu macheo kama sisi. Huanza kuhesabu saa 6 usiku. Hiyo 4:00 yake ni saa 10 alfajiri. Kengele italia wakati dukani hamna mtu ila paka, na wakala atangoja peke yake. Nawe wajua kwamba siku za bure zikiisha, kontena hulipiwa kila siku linapokaa bandarini.

Basi andikeni kanuni hii. Tangu saa 1 asubuhi mpaka saa 12 jioni, ongeza 6. Saa 4 asubuhi ni 10:00; saa 8 mchana ni 14:00. Tangu saa 1 usiku mpaka saa 5 usiku, ongeza 18: saa 2 usiku ni 20:00. Saa 6 usiku ni 0:00, na hapo tarehe hubadilika. Tangu saa 7 usiku mpaka saa 12 alfajiri, toa 6. Kwa hiyo saa 8 ya usiku wa kuamkia Jumatano ni 2:00, nayo iandike katika ukurasa wa Jumatano, si wa Jumanne. Kama kompyuta yako huonyesha AM na PM, ibadilishe ihesabu mpaka 23. Ni rahisi zaidi.

Tarehe nayo ina mtego wake. Ukiandika 4/7, kompyuta iliyopangwa kwa desturi ya Marekani husoma tarehe 7 Aprili. Utaje mwezi kwa jina: 4 Julai.

Kisha tazama kama kompyuta inajua iko wapi. Katika orodha ya saa za dunia ya Windows hutaliona jina la Dar es Salaam. Chagua Nairobi, maana saa yetu ni moja. Ukimwalika muuzaji wa Guangzhou mzungumze saa 4 asubuhi yetu, kalenda yake itamwonyesha 15:00, kwa kuwa wao wametutangulia kwa saa 5.

Sasa kengele. Mara nyingi Outlook hukumbusha dakika 15 kabla. Dakika hizo hazitoshi kutoka Kariakoo mpaka bandarini, na foleni mnaijua. Iweke ilie siku moja kabla. Tena kumbuka: kompyuta ikizimwa, au umeme ukikatika, kengele yake hailii. Kila asubuhi fungua programu kwanza, ndipo upange bidhaa.

Na barua zenyewe? Katika mstari wa kichwa cha barua andika namba ya kontena, yaani herufi 4 na tarakimu 7, bila kuacha hata moja. Baada ya miezi 6 utaiandika namba hiyo penye kutafutia, na barua zote za mzigo ule zitajipanga mbele yako. Kichwa kama “Habari” hakitakusaidia kitu.

Kazi ya nyumbani: zigeuzeni ziwe saa za kompyuta saa 11 alfajiri, saa 9 alasiri na saa 4 usiku. Majibu ni 5:00, 15:00 na 22:00, lakini mwalimu asiyaandike ubaoni mpaka kila mtu amekwisha jaribu. Kwaherini.