Kocha Bingwa Aliyesugua Benchi

Je, kocha bora lazima awe amewahi kuwa nyota? Bruce Bochy wa besiboli ya Marekani anathibitisha kinyume. Kati ya 1978 na 1987 alikuwa mdakaji wa akiba tu. Lakini mdakaji, anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, huona uwanja wote mbele yake na humwashiria mrushaji aina ya mpira wa kurusha. Kazi yake ni nusu ya ukocha. Akiwa kocha, Bochy alitwaa ubingwa na San Francisco Giants mwaka 2010, 2012 na 2014, kisha na Texas Rangers mwaka 2023. Wanaopinga hoja hii watamtaja Joe Torre, mchezaji nyota wa 1971, aliyeipa New York Yankees mataji manne akiwa kocha. Ni kweli, ila Torre naye aliwahi kuwa mdakaji.