Ubao wa Vipimo katika Eropleni ya Kujiundia

Ziko nchi, hasa Marekani, ambako watu wengi hujiundia eropleni ndogo nyumbani. Mtu akiitazama kazi hiyo hudhani kwamba jambo kubwa ni mabawa na injini. Lakini liko jambo jingine dogo lenye kuua: kutoandika majina kwenye ubao wa vipimo.

Tarehe 12 Oktoba 1997, mwimbaji John Denver alikufa huko California akirusha peke yake eropleni ya namna ya Long-EZ, iliyoundwa na mtu binafsi. Koki ya kubadilishia tangi la petroli iliwekwa nyuma ya bega la kushoto, wala haikuwa na alama yo yote. Vipimo vya petroli navyo havikuandikwa kitu. Wachunguzi wa serikali walieleza kwamba alipojigeuza kuishika koki, alikanyaga pedali ya kulia bila kukusudia. Eropleni ikamshinda, ikaanguka baharini.

Basi ubao hutengenezwaje? Kwanza, ukate kwa karatasi ngumu, uuweke mahali pake, kisha ukae kitini. Kila swichi na koki ifikiwe kwa mkono bila kugeuza mwili. Ukisha kuridhika, ndipo ukate bati la alumini. Tundu la kipimo cha kawaida lina upana wa milimeta 79 hivi. Kipimo cha mwendo, cha mlalo wa eropleni na cha urefu wa kwenda juu hukaa safu ya juu, mbele ya macho. Karibu na dira tumia skrubu za shaba, maana chuma huipotosha.

Pili, andika. Katika kipimo cha mwendo, rangi ya kijani ni mwendo wa kawaida. Ya manjano ni kwa hewa tulivu tu. Mstari mwekundu usivukwe kamwe. Swichi iandikwe jina lake, na upande wa kuwasha na wa kuzima.

Tatu, andika kipimo chenyewe ni cha namna gani. Hapa Kigwena maji ya Tanganyika yako yapata meta 770 juu ya usawa wa bahari, yaani futi 2,500 na kidogo. Kipimo kilichotegeshwa kwa usawa wa bahari kitaonyesha hivyo hata eropleni ikiwa imesimama ufukoni. Milima ya Bururi, mashariki yetu, ina vilele vinavyopita meta 2,000. Rubani akisoma “2,500” akidhani ni meta, atajiona yu juu ya milima, kumbe yu usawa wa mitumbwi ya wavuvi!

Mwisho, fumba macho, mwenzako ataje kila kitu, nawe ukiguse. Kisha mwite mtu asiyeujua ubao huo, umwulize kila kitu ni cha nini. Akisita penye koki moja tu, kazi haijaisha. Chukua brashi, uandike tena.