Motokaa za Zamani Zipitapo Barabara ya Shamba

Mkulima wa Shimba Hills, wa Diani, wa Msambweni au wa Lunga Lunga anaijua barabara ya udongo kuliko mtu mwingine. Ndiyo apitishayo nazi, korosho, machungwa na mihogo mpaka sokoni. Lakini wako watu wengine waipendao barabara ya namna hiyo, wala hawana mzigo wa kuuza. Hao ni wenye motokaa za zamani, ambao hukutana mwisho wa juma, wakaonyeshana motokaa zao zilizong'arishwa, kisha wakashindana mashambani. Yafaa mkulima auelewe mchezo huo, na ajue la kufanya siku utakapopita kwake, asije akapoteza mtoto, ng'ombe au barabara yake.

MCHEZO ULIVYOANZA

Mashindano ya namna hii yalianza kwetu mwaka 1953. Yaliitwa Coronation Safari, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, nayo yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Motokaa zilikuwa za kawaida, kama zile zilizouzwa madukani, na ziligawanywa makundi kwa kufuata bei zake. Mwaka 1960 yakapewa jina la East African Safari.

Kwa miaka mingi yalifanywa wakati wa Pasaka, masika yanapoanza, na adui mkubwa alikuwa matope. Mwaka 1963 motokaa 84 ziliondoka, zikafika 7 tu. Mwaka 1968 zilifika 7 vilevile. Katika miaka yote miwili washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff kwa Peugeot 404, motokaa ambayo wazee wengi wanaikumbuka kwa kubeba abiria.

Mwaka 2003, ilipotimia miaka 50 tangu safari ile ya kwanza, yalianzishwa mashindano ya motokaa za zamani peke yake, yaitwayo East African Safari Classic. Mara kadhaa Mombasa imekuwa mahali pa kuyaanzia. Björn Waldegård wa Sweden, aliyekwisha kushinda Safari mara 4, alishinda haya ya motokaa za zamani mwaka 2007, akashinda tena mwaka 2011 alipokuwa na umri wa miaka 68.

KWA NINI MOTOKAA KUUKUU HAIFI

Mwaka 1965 Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda Safari kwa Volvo ambayo tayari ilikuwa imeshindana mwaka uliotangulia. Wengine waliiona imechakaa. Lakini Joginder alikuwa fundi, naye alijua kwamba chombo hakiulizwi umri wake, bali huulizwa kimetunzwaje.

Jambo hilo laonekana pia Nairobi, ambako klabu ya wenye Alfa Romeo imekuwa ikiandaa maonyesho ya motokaa tangu mwaka 1970. Waamuzi hawatazami rangi tu. Hutazama injini, viti, hata uvungu wa motokaa. Mwenye kuficha kutu hapati zawadi.

Hapo mkulima ana la kujifunza. Bomba la kunyunyizia dawa lisilosafishwa baada ya kazi, pikipiki isiyobadilishwa oili, na mkokoteni usiotiwa grisi, vyote hufa kabla ya siku zake. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

SIKU YA MASHINDANO

Motokaa haziondoki pamoja. Huondoka moja moja, na kila moja hupimwa wakati wake. Mahali pa kwenda mbio barabara hufungwa. Kwingineko dereva hufuata sheria kama mtu yeyote. Kwa hiyo, barabara ikiwa kimya haina maana kwamba mashindano yamekwisha. Huenda motokaa nyingine iko nyuma ya kona, nayo yaja mbio ndani ya vumbi, dereva asione mbele.

Kila mwenye shamba kando ya njia akumbuke haya:

Kwanza, ng'ombe, mbuzi na punda wafungwe mbali na barabara tangu alfajiri. Kama kisima kiko ng'ambo, maji yatekwe jana yake.

Pili, watoto wawe na mtu mzima wa kuwaangalia. Mtoto akiona motokaa moja imepita hukimbia katikati ya njia kuitazama, na hapo ndipo hatari ilipo.

Tatu, usisimame upande wa nje wa kona, wala chini ya barabara penye mteremko. Motokaa ikiteleza huelekea huko. Simama mahali palipoinuka, mbali na ukingo.

Nne, usiweke jiwe wala gogo barabarani kwa mzaha. Huo si mzaha, ni kuua.

Tano, usirudi barabarani mpaka motokaa ya wasimamizi ifuatayo nyuma ya zote iwe imepita. Wauza madafu na mahindi ya kuchoma nao wapange biashara yao mbali na njia.

BARABARA IKIBAKI

Wageni wakiondoka, barabara hubaki kwetu. Magurudumu yaendayo mbio hung'oa changarawe na kuacha mifereji midogo. Mashindano ya motokaa za zamani kwa kawaida hufanywa karibu na mwisho wa mwaka, na mvua za vuli zikiikuta mifereji hiyo wazi, huigeuza makorongo. Hapo lori la mnunuzi hukataa kuingia, na machungwa huoza chini ya mti.

Basi wakazi waipitie barabara pamoja na wazee wa kijiji kabla ya mashindano na baada yake, waandike palipoharibika, na wapeleke habari kwa chifu na kwa ofisi ya barabara mapema. Waandaaji nao waulizwe mbele ya mkutano, kabla ya siku yenyewe, nani atakayetengeneza palipochimbika.

Lakini sehemu ya kazi ni yetu. Usilime mpaka ukingoni mwa barabara. Usielekeze maji ya shamba lako njiani. Zibua mtaro ulio mbele ya boma lako, maji yapate pa kwenda. Motokaa za mashindano hupita siku moja; mkulima hupita siku zote, tena akiwa na mzigo.