Kabla uache shule kwa sababu ya Billie Eilish, soma hapa kwanza

Hebu fikiria mamako anapita mlangoni saa tano usiku, anakupata umeshika gitaa, halafu badala ya kukufokea ulale kwa sababu kesho ni shule, anafunga mlango polepole na kwenda zake.

Kwetu hiyo haingewezekana. Ningeamka gitaa limeuzwa. Lakini kwa kina Billie Eilish huko Los Angeles, Marekani, hiyo ilikuwa sheria ya nyumba: mtoto akiwa anacheza muziki, hakuna wa kumfukuza aende kulala.

Billie unamjua, sina haja ya kukutambulishia. Ninachotaka tuongee ni ile hoja ambayo hurushwa kila tukibishana mtaani kuhusu masomo: "Si Billie hakuwahi kuingia darasani? Na ona alipofika." Ni kweli, yeye na kakake Finneas walisomea nyumbani. Ila wanaorusha hoja hiyo husimulia nusu ya hadithi. Hii hapa nusu ya pili.

Wazazi wao, Maggie Baird na Patrick O'Connell, ni waigizaji. Usidhani ni wale wa majumba na mabwawa ya kuogelea. Ni wale wa kupata kasehemu kadogo hapa na pale, na Patrick alikuwa akifanya pia kazi za ujenzi ili mambo yasonge. Nyumba yao mtaani Highland Park ilikuwa na vyumba viwili tu vya kulala. Watoto walipokua, kila mmoja akapewa chumba chake, wazazi wakahamia sebuleni. Yaani watu wazima wawili walikubali kulala sebuleni ili watoto wapate mlango wa kufunga. Kama umelelewa katika chumba kimoja pale Pipeline, pazia likiwatenganisha na kitanda cha wazazi, unajua nafasi ni mali.

Wazo la kusomea nyumbani lilitoka wapi? Finneas alizaliwa 1997, mwaka ambao ndugu watatu wa kundi la Hanson walivuma na wimbo "MMMBop". Vijana hao wa Oklahoma walisomea nyumbani. Baba mtu aliwatazama akaona ni watoto walioachwa wafuate wanachokipenda. Basi naye akaamua kuwapa wake nafasi hiyo.

Sasa hapa ndipo utamu ulipo. Kuachwa ufuate unachopenda si kuachwa tu. Mama alianzisha darasa la utunzi wa nyimbo, na wanawe walikuwa wanafunzi. Siku moja kazi ilikuwa hivi: tazama kipindi cha runinga, andika maneno yanayokushika, kisha uyatungie wimbo. Billie, akiwa na miaka 11, akachagua The Walking Dead. Akachukua maneno ya waigizaji na majina ya vipindi, akatunga wimbo kuhusu dunia iliyovamiwa na mazombi. Finneas naye alianza kutunga akiwa na miaka 12.

Na usichanganye "nyumbani" na kufungiwa ndani. Billie alijiunga na kwaya ya watoto ya Los Angeles akiwa na miaka minane. Kwaya ina mwalimu, ina mazoezi, ina watu wanaokusubiri usimame mahali pako. Hapo ndipo alipofunzwa kuitumia sauti bila kuiumiza. Kando na hayo kulikuwa na madarasa ya dansi, na dansi aliichukulia kwa uzito.

Dansi hiyo ndiyo iliyofungua mlango. Mwaka wa 2015 mwalimu wake alitaka wimbo wa kupangia mitindo. Finneas alikuwa na wimbo aliouandika kwa ajili ya bendi yake, akampa dadake auimbe. Wakaurekodi chumbani na kuuweka SoundCloud ili mwalimu aupate kwa urahisi. Ndio huo "Ocean Eyes". Billie alikuwa na miaka 13. Siku chache baadaye maelfu ya watu walikuwa wameusikiliza. Halafu akaumia nyonga, dansi ikaishia hapo. Wimbo uliotengenezwa kwa ajili ya dansi ukaendelea bila dansi.

Albamu yao ya 2019 ilitengenezwa katika chumba kile kile cha Finneas. Kompyuta, kinanda, spika za kusikilizia, na kitanda ambacho mara nyingi Billie alikikalia akiimba. Januari 2020 alizoa tuzo tano za Grammy usiku mmoja, zikiwemo zile nne kubwa. Alikuwa na miaka 18.

Sasa sikia, msee. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikuwa sababu, lakini si yote. Nilikuwa pia nimejiambia kwamba kinachonikosesha kuwa mwandishi ni muda, kwa vile mihadhara inaumaliza. Basi nikaupata muda wote. Unajua niliufanyia nini? Nililala hadi saa sita, nikamaliza bando kwa video za watu waliofanikiwa bila digrii. Miezi saba sikuandika hata ukurasa mmoja.

Kilichonitoa hapo ni binamu yangu anayeuza mitumba. Alinipigia akasema, "Niandikie maneno ya kuuza hizi jaketi, nayataka Ijumaa." Alhamisi usiku nilikesha. Hiyo ndiyo kazi yangu ya kwanza kusomwa na mtu asiye mimi.

Ndiposa nikiisoma hadithi ya Billie, jicho langu haliendi kwa Grammy. Linaenda kwa yule mwalimu wa dansi aliyekuwa akisubiri wimbo. Linaenda kwa mama aliyetoa kazi na kutaka kusikia matokeo. Hawa watoto walitolewa darasani, lakini hawakutolewa mikononi mwa watu. Tena tuwe wakweli: walikuwa Los Angeles, jiji la filamu na muziki, na wazazi waliozijua kazi hizo. Wewe na mimi hatukuzaliwa hapo.

Kwa hivyo usikimbie kumwambia mzazi amtoe ndugu yako mdogo shuleni. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria masomo, na asiyefanya hivyo anaweza kushtakiwa. Na tulishaonja kukaa nyumbani: shule zilipofungwa Machi 2020, wengi wetu tulikuwa na muda usio na mwisho. Mwenye kompyuta na mzazi aliye karibu alisonga. Wengine tulihesabu mabati.

Lakini kile kipande cha baada ya masomo, hicho hakihitaji Los Angeles. Kama una mdogo wako wa CBC ambaye hurudi na mradi wa kutengeneza kitu kwa makopo na katoni, usimfanyie ili mlale mapema. Kaa naye, mwache akosee, kisha umwambie Jumapili shosho anakuja kukiona. Uone atakavyokifanya upya mara tatu.

Na wewe uliyeacha shule, au unayewaza kuacha, sikuhukumu. Nina swali moja tu, lile ambalo natamani ningeulizwa kabla ya kubeba mabegi yangu kutoka hosteli: Ijumaa hii, ni nani anasubiri kazi yako?

Kama jibu ni hakuna, anza kwa kumtafuta huyo mtu.