Ukiacha Kazi, Bima Nayo Je?
Wengi kwenye vikundi vyetu hudhani bima ya afya huendelea tu mtu akiachishwa kazi. La! Mwajiri alikuwa akikata asilimia 2.75 ya mshahara na kupeleka SHA, iliyochukua mahali pa NHIF Oktoba 2024. Mshahara ukikoma, malipo pia yamekoma. Ukilazwa, bili ni yako.

Basi msingoje ugonjwa. Pigeni *147#, mjibu maswali ya kukadiria mapato ya nyumba. Hapa ndipo watu hukwama: asiye na mshahara hulipia mwaka mzima kwa mpigo. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600. Zitoeni kwa zile pesa za kuachia kazi, kabla hazijanunua mbuzi! Au chama kimpe mwenzenu zamu mapema.

Zahanati, aliyejiandikisha hutibiwa bure kisheria hata kabla hajalipa.