Vijana wa Barafu: Habari za Mashindano ya Dunia ya Magongo

Mtu akaaye Soweto, Mbeya, hahitaji kufundishwa baridi ni kitu gani. Mwezi wa Juni na wa Julai mama muuza viazi sokoni hujifunga shuka juu ya kanga, na mkulima wa Kitulo huamka alfajiri akakuta sakitu imelala juu ya majani ya viazi kama chumvi iliyonyunyizwa. Jua likishapanda sakitu imekwisha kuwa maji, na majani yamegeuka meusi. Hiyo ndiyo barafu tuijuayo sisi: mgeni wa usiku mmoja, tena mgeni mwenye hasara.

Lakini ziko nchi ambazo barafu hukaa miezi mingi, na watu wake wameigeuza kuwa uwanja wa kuchezea. Katika nchi hizo mtoto wa miaka minne huvishwa viatu vya chuma akatiwa barafuni, na akifika miaka kumi na minane yuko tayari kushindana na vijana wa dunia nzima. Habari za mashindano hayo ndizo nitakazozieleza, kisha nitaonyesha yanavyotuhusu sisi wa Afrika ya Mashariki, maana yanatuhusu kuliko mtu awezavyo kudhani.

Kwanza tuutazame mchezo wenyewe. Wengi mmepata kusikia habari za mchezo wa magongo unaochezwa juu ya majani. Tanzania ilipeleka timu yake ya mchezo huo katika michezo ya Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Mchezo wa barafuni ni ndugu yake, lakini ni ndugu aliyelelewa nyumba nyingine. Hapana mpira wa mviringo. Kinachopigwa ni kisahani cha mpira mgumu mweusi, upana wake sentimita 7.6 na unene wake sentimita 2.5, na uzito wake yapata gramu 160. Kabla ya mchezo visahani hivyo huwekwa katika baridi mpaka vigande, ili visirukeruke vikipigwa. Kijana mwenye nguvu hukirusha kwa mwendo upitao kilometa 140 kwa saa. Ndiyo sababu mlinda goli amevikwa mito na ngao mwili mzima, hata uso hauonekani.

Kila upande huwa na wachezaji sita barafuni, mmoja wao akiwa mlinda goli. Mchezo hugawanywa mara tatu, kila sehemu dakika 20. Kukimbia barafuni ni kazi nzito mno, hata mchezaji hawezi kuifanya kwa nguvu zake zote zaidi ya dakika moja au chini yake; hapo huruka ukuta akakaa kupumzika, na mwenzake huruka kuingia, na mchezo hausimami. Akosaye kwa kumpiga mwenzake au kumkwamisha kwa gongo hutiwa kizuizini, yaani hukalishwa katika kijumba kando ya uwanja kwa dakika mbili, na wenzake hucheza wakiwa wamepungua mmoja.

Viatu navyo vina siri yao. Chini ya kila kiatu pana bamba la chuma lenye unene wa milimita tatu hivi. Ukilitazama kwa karibu utaona kwamba tumbo lake limechimbwa kidogo kama mfereji, likabaki na makali mawili. Mchezaji akisimama wima huteleza. Akilalia upande mmoja, ukali wa upande huo huuma barafu naye hupata kugeuka au kusimama. Walimu wa zamani walifundisha kwamba uzito wa mtu ndio uyeyushao barafu chini ya chuma. Wataalamu wa sasa wanasema hiyo haitoshi. Sehemu ya juu kabisa ya barafu haishikamani kwa nguvu kama ya ndani, kwani chembe zake hazina wenzake wa kuzishika kutoka juu, na msuguano nao huongeza joto. Hivyo chuma hupita juu ya utando mwembamba ulio laini.

Sasa mtu atauliza: mahali ambapo barafu haianguki wala haigandi, watachezaje? Jibu ni mtambo. Chini ya sakafu ya uwanja hulazwa mabomba mengi, yakapitishiwa maji ya chumvi au dawa nyingine isiyoganda upesi, iliyopozwa mpaka chini ya sifuri. Kisha maji safi hunyunyizwa juu ya sakafu kidogo kidogo, utando mmoja ukaganda, ukafuatwa na mwingine, mpaka barafu inafikia unene wa sentimita tatu hivi. Mtambo haufanyi baridi kama mpishi afanyavyo mchuzi. Kazi yake ni kuliondoa joto katika sakafu na kulitupa nje, kama lile jokofu la duka la soda ambalo mgongo wake huwa moto. Katika mapumziko gari maalum huparua uso wa barafu uliochanwa na viatu, likaacha nyuma yake maji ya moto. Maji ya moto, naam! Huyeyusha kidogo ncha za mikwaruzo, yakatandaa vizuri, kisha yakaganda laini kama kioo.

Uwanja kamili una urefu wa meta 60 na upana wa meta 26 hadi 30. Mtambo wa kuugandisha hula umeme kila saa, mchana na usiku, kuna mchezo au hapana. Basi saa moja ya barafu ina bei yake, na bei hiyo ndiyo inayoamua, kuliko kitu kingine cho chote, ni watoto wa nani watakaoujua mchezo huu.

Shirikisho la kimataifa la mchezo huu liliundwa Paris mwaka 1908. Vijana walipata mashindano yao baadaye sana: yalifanyiwa jaribio kuanzia mwaka 1974 katika mji wa Leningrad, na kuanzia mwaka 1977 yakahesabiwa rasmi. Huanza siku ya pili baada ya Krismasi, au karibu na hapo, na kumalizika katika juma la kwanza la Januari. Sharti kubwa ni umri. Katika mashindano yaliyomalizika Januari 2025, aliyeruhusiwa ni yule tu aliyezaliwa mwaka 2005 au baada yake. Kwa hiyo kila kijana ana mlango mmoja, na mlango huo hufungwa juu yake daima.

Mataifa kumi hucheza katika daraja la juu. Chini yake pana madaraja mengine, na kila mwaka aliye mkiani hushuka, na mshindi wa daraja la chini hupanda mahali pake. Kazakhstan ilishuka hivyo Januari 2025, na nafasi yake ikachukuliwa na Denmark.

Warusi ndio waliotangulia kuyatawala mashindano haya. Walishinda mara nne mfululizo, toka mwaka 1977 mpaka 1980. Wakanada, ambao kwao mchezo huu ni kama soka kwetu, hawakupata dhahabu mpaka mwaka 1982, na siku walipoipata, huko Rochester katika jimbo la Minnesota, Marekani, ilionekana kwamba hapakuwa na sahani ya wimbo wa taifa lao. Vijana hawakungoja. Walisimama mstari mmoja wakauimba wenyewe kwa sauti zao.

Miaka mitano baadaye mambo yalikuwa kinyume. Tarehe 4 Januari 1987, katika mji wa Piešťany, Czechoslovakia, Kanada ilikuwa ikicheza na Warusi mchezo wa mwisho. Kanada ilikuwa mbele kwa mabao 4 kwa 2, tena ilikuwa na hakika ya kupata medali. Vijana wawili walishikana, wakaongezeka wengine, mara wote waliokuwa wameketi wakaruka ukuta na kuingia vitani. Waamuzi waliposhindwa kuwaachanisha, taa za uwanja zilizimwa, lakini ngumi ziliendelea gizani. Mwisho wake timu zote mbili zilitolewa katika mashindano. Dhahabu ikaenda kwa Finland, na fedha ikabaki kwa wenyeji. Wasweden wakapata shaba. Wakanada wengi walisema hukumu ile ilikuwa kali kupita kiasi. Kwa maoni yangu taa ndizo zilizoaibisha zaidi: watu wazima kukosa njia ya kuwatuliza watoto isipokuwa kuwatia gizani.

Lakini habari nipendayo kuliko zote ni ya usiku wa tarehe 27 Desemba 2024, mjini Ottawa, Kanada. Wenyeji walikutana na Latvia, nchi yenye watu wasiofika milioni mbili, yaani pungufu ya watu wa mkoa wa Mbeya. Mlinda goli wa Latvia, Linards Feldbergs, alizuia mapigo 55. Mchezo ulikwisha 2 kwa 2, hata muda wa nyongeza haukuleta bao, ikabidi mchezaji mmoja mmoja aende na kisahani mbele ya mlinda goli. Eriks Mateiko akatia, na Latvia ikashinda 3 kwa 2. Uwanja mzima wa Wakanada ulinyamaza. Mashindano hayo yalichukuliwa na Marekani, tarehe 5 Januari 2025, kwa kuishinda Finland mabao 4 kwa 3 katika muda wa nyongeza.

Latvia ni ndogo, lakini ina viwanja vya barafu, na watoto wake huanza mapema. Afrika je? Afrika ya Kusini iliingia katika shirikisho la kimataifa mwaka 1937, na vijana wake wamepata kucheza mara nyingi katika madaraja ya chini ya mashindano haya. Daraja la juu bado halijaona timu ya Afrika.

Kwetu mambo yalianza Nairobi. Mwaka 2005 hoteli ya Panari, iliyoko katika barabara ya kwenda Mombasa, ilifungua uwanja wa barafu ndani ya jengo lake. Uwanja huo ni mdogo kuliko ule wa kawaida niliotaja. Waliotangulia kuchezea magongo hapo walikuwa wageni, Wakanada na Wamarekani waliokuwa wakifanya kazi mjini. Wakenya wakaja kutazama, kisha wakaomba gongo. Na hapa iko ajabu yenyewe: wengi wao walikwisha jua kuteleza! Vijana wa Nairobi walikuwa na desturi ya kukimbia barabarani kwa viatu vya magurudumu, hata huchezea magongo juu ya lami. Mwili ulikwisha fahamu kulala upande na kujisukuma; kilichobaki ni kujifunza kusimama, kwani gurudumu na ukali wa chuma havisimami kwa namna moja.

Timu yao wakaiita Simba wa Barafu. Shida yao kubwa haikuwa ufundi. Hawakuwa na wa kushindana naye. Katika Afrika ya Mashariki nzima hapakuwa na timu nyingine, hivyo walijigawa wenyewe kwa wenyewe, wakacheza na nyuso zile zile mwaka hata mwaka. Mwaka 2018 kampuni moja ya kahawa ya Kanada iliwachukua mpaka huko, na hapo ndipo walipocheza mara ya kwanza na timu isiyo yao wenyewe. Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, wachezaji wenye sifa kubwa mno katika mchezo huu, walivaa jezi ya Kenya wakacheza upande wao. Picha za sinema za siku ile zilitazamwa dunia nzima, na watu waliuliza kama ni kweli kwamba karibu na ikweta pana watu wa barafu.

Mwaka 2024 Kenya ilipokelewa katika shirikisho la kimataifa, kwa cheo cha chini ya mwanachama kamili. Ni hatua kubwa. Hata hivyo msomaji aangalie lile sharti la umri. Wengi wa Simba wa Barafu waliushika mchezo wakiwa vijana au watu wazima, na mlango wa mashindano ya vijana ulikwisha kufungwa juu yao kabla hawajajua kwamba upo. Kwa miaka yao yote ya kujifunza walikuwa na uwanja mmoja, mdogo, wenye saa za kukodiwa, wakati mtoto wa Riga au wa Toronto alikuwa barafuni kila asubuhi kabla ya shule.

Ndiyo maana macho ya wanaoupenda mchezo huu Nairobi yako juu ya watoto. Wachezaji wakubwa huwashika mikono watoto na kuwafundisha kuanguka kwanza, maana asiyejua kuanguka barafuni huumia. Kisha kuinuka, kisha kwenda hatua tatu bila kushikwa. Kofia humfikia mtoto puani, gongo linamzidi urefu. Na hesabu yake ni rahisi: mtoto aliyezaliwa mwaka 2015 anaruhusiwa mpaka mashindano yatakayomalizika Januari 2035.